Magadi Kwenye Waya za Pikapu ya Mzee

Wajukuu zangu mliomo humu kwenye grupu, acheni hizo picha za chakula, msome hapa kwanza. Leo bibi yenu nimeaibika. Naandika kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kimelambwa na ng'ombe, kwa hiyo msinisumbue na mambo ya herufi.

Ile pikapu ya babu yenu mnaijua. Ndiyo iliyobeba pamba yetu miaka yote, na baadhi yenu ndiyo iliyowakimbiza mama zenu hospitali kuwazaa. Tangu mzee afariki imesimama kibandani, kuku wanataga kwenye kiti cha abiria. Juzi Masanja, mwanangu, akaniambia, "Mama, Jumamosi anakuja mtu wa chuma chakavu. Gari limekufa lile. Halipigi hata honi."

Nikamwuliza, "Likipiga honi je?"

Akacheka. "Likipiga honi simpi mtu. Na tairi nalinunulia mimi mwenyewe."

Mkewe, Mama Kabula, alikuwa pale anachambua mboga. Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, umesikia." Akasema amesikia. Mimi nikawa na langu.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Lakini babu yenu alipokuwa analala chini ya gari, aliyeshika tochi ni mimi. Gari likigoma, yeye hakukimbilia injini. Alifungua vile vichwa vya waya, pale waya mmoja unapochomekwa kwa mwenzake, akatafuta kutu. Si ile nyekundu. Ile ya kijani, kama mavi ya ndama. Ikishakaa hapo umeme haupiti. Unasugua mpaka shaba ing'ae, unachomeka, gari linaamka.

Basi leo, Jumamosi yenyewe, asubuhi na mapema nikafungua boneti. Taa, indiketa, honi, kote kijani tupu. Babu yenu kutu ya betri aliitoa kwa magadi, haya haya ya kulainishia maharage. Nikayachemsha yakawa mazito kama uji. Nikachukua mswaki mkuukuu (nilidhani ni mkuukuu, kumbe Masanja anautafuta), nikasugua. Likatoka povu, kutu ikakimbia. Nikafurahi mpaka nikapaka na pasipo na kutu. Nikapaka taa. Nikapaka bampa. Mikono yangu ikawa myeupe mpaka kwenye viwiko.

Mama Kabula akaja na simu yake. "Mama, huyu fundi kwenye video anasema ukishasugua usuuze kwa maji matupu, ukaushe, ndipo uchomeke."

"Maji ya kusuuzia chuma, na kisima kiko kule? Mwambie fundi wako aje ayachote."

Akaifunga simu yake kwenye pindo la kanga. Mkamwana wangu ana adabu sana. (Leo ningependa awe amepungukiwa kidogo.)

Nikachomeka waya zangu zote. Nilidhani zote. Tukatoa betri ya sola ndani ya nyumba, tukaifunga kwenye gari. Halafu nikaita majirani. Hapo ndipo panaponiuma, wajukuu zangu. Hakuna aliyewaleta. Niliwaita mwenyewe waje washuhudie.

Saa sita mtu wa chuma akafika kutoka Bariadi mjini. "Mwadila, mayu," akanisalimia Kisukuma, kwa heshima. Nikamwitikia kwa ufupi, maana ni adui. Nikapanda garini, nikafunga mlango (mlango ule hufunguka kwa nje tu, kumbukeni hilo), nikakaa wima kama babu yenu alivyokuwa anakaa. Nikawatazama wote. Nikabonyeza honi.

Kimya.

Nikabonyeza kwa mikono miwili. Nikabonyeza kwa kiwiko. Aliyelia ni kuku aliyekuwa kwenye kiti, akatokea dirishani akiniacha na yai lake.

"Mama, inatosha, shuka," Masanja akasema kwa ule upole wa kuongea na mgonjwa. Mtu wa chuma alishaanza kugongagonga madigadi kusikia unene wake. Nikachungulia kupitia kioo, chini ya boneti iliyokuwa bado wazi, nikaona waya wa honi unaning'inia mbele pale, msafi, unang'aa, haujachomekwa popote. Niliusahau.

Kabla sijafungua mdomo, ng'ombe wetu wakarudi kutoka lamboni.

Nyie wa mjini nawakumbusha. Ng'ombe wa hapa kijijini kwetu Sapiwi na magadi ni kama nyie na chipsi. Na mimi nilikuwa nimepaka gari zima.

Yule mtamba mwekundu akasimama, akanusa. Akaacha njia. Wenzake wakamfuata. Mmoja taa, mmoja bampa, mtamba akazamisha kichwa kwenye boneti, akakuta waya wa honi. Akaulamba. Ulimi ukausukuma waya mpaka ukagusa bodi, na honi ya gari lile hulia waya wake ukigusa tu chuma cha gari.

Piiiiiii.

Mtamba akaruka nyuma. Majirani wakaruka nyuma. Akafikiri kidogo, akaona magadi ni matamu, akarudi.

Piiiiiii.

Hapo dume likaingiza kichwa dirishani kwangu. Likanilamba mikono. Likanilamba shavu. Kisha likang'ata kilemba changu, likaondoka nacho likitafuna. Na nywele zangu, wajukuu, zilisukwa upande mmoja tu, kwa sababu jana nilimwambia msusi aache, nina gari la kuhudumia.

"Nifungulieni mlango!"

Hakuna aliyekuja. Majirani walikuwa chini, wameshika matumbo. Mtu wa chuma amekaa kwenye ndoo anajifuta machozi. Aliyenifungulia ni Mama Kabula, kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa umeshika simu. Hiyo video mtakayoiona ni yake.

Nikashuka. Nikajifunga kanga vizuri. "Masanja, honi umeisikia."

"Mama, aliyepiga ni ng'ombe."

"Ulisema likipiga honi. Hukusema apige nani. Mayu, si ulikuwepo?"

"Alisema hivyo hivyo, Mama," Mama Kabula akajibu, sauti imekatika kwa kicheko.

Masanja akamgeukia mtu wa chuma. Yule akatazama gari, mtamba bado yuko kwenye honi. "Kaka, hili silichukui," akasema. "Lina wenyewe."

Nikaenda nyuma ya ghala, nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma. Nikafuta uso, nikaukunja, nikarudi uani kutoa amri: "Kila mtu ashike ndoo aende kisimani. Gari lisuuzwe kwa maji matupu mara tatu, na nikisikia anayecheka anaongeza ndoo mbili. Masanja, kesho tairi. Na yule mtamba mwekundu asiuzwe wala asichinjwe. Ndiye dereva."