Mfumo Mpya wa Simu na Jina la Mjukuu

Jumatatu, 15 Septemba
Nimekuwa babu! Binti yangu Moeroa kajifungua mtoto wa kiume huko Auckland. Jumamosi saa nne asubuhi watatupigia kwa video, mimi na mkwe mwenzangu Makiuti, babu wa upande wa pili, kila mmoja kwenye simu yake. Hapo ndipo jina litatajwa. Jina ni Ngatokorua, kama mimi. Tatizo ni Makiuti. Akianza kusema hamwachii mtu nafasi, naye atataka mtoto aitwe Makiuti. Mtoto mzuri vile!

Jumanne, 16 Septemba
Simu inaniuliza kama niweke mfumo mpya. Nimekwenda kwa fundi, pale mjini Avarua. Akasema, "Papa, simu kuukuu hii. Itajizima kwa saa mbili nzima, na ikigoma usinilaumu." Saa mbili nzima! Nikatoka nikicheka peke yangu. Simu ya Makiuti ni pacha wa yangu. Mimi siuweki. Atauweka yeye. Jumamosi, saa tatu na nusu.

Jumatano, 17 Septemba
Nimempelekea Makiuti bakuli zima la ika mata, samaki mbichi wa tui la nazi, asinishuku. Kisha nikausifu mfumo. Picha angavu! Unahesabu kope za mtoto! Ila angoje Jumamosi saa tatu na nusu, mtandao unakuwa mwepesi. Makiuti akanishika mkono. "Mkwe, wewe una roho nzuri mno." Nikaona haya. Yakapita. Mke wangu Tepaeru alikuwa kando, kanikodolea macho kwa sifa zile.

Alhamisi, 18 Septemba
Balaa. Makiuti kapita na pikipiki, kapiga honi mpaka kuku wakatawanyika. Hakuweza kungoja! Kauweka jana ile ile, na simu yake iko hai, inang'aa kama sahani ya harusi. Nimekula magimbi bila hamu.

Ijumaa, 19 Septemba
Mbinu mpya. Simu ikipokewa tu, napiga kelele "Ngatokorua!" kabla Makiuti hajavuta pumzi. Nimefanya mazoezi shambani. Mara ya tano jirani akaja mbio na kamba, akiuliza huyo Ngatokorua katumbukia kisima gani. Nikamwambia ni mimi. Kaondoka akinitazama vibaya.

Jumamosi, 20 Septemba
Shati la maua, shada kichwani. Saa nne kasorobo namwomba Tepaeru simu yangu. Anatabasamu. Kioo cheusi! Mfumo mpya, asilimia sita!

"Umefanya nini, Mama Moeroa?"

"Si ulisema mtandao mwepesi saa tatu na nusu? Wengine wahesabu kope za mjukuu wetu, sisi tusizione?"

Tukapanda pikipiki, yeye nyuma, mimi nimeinama kama mwizi. Shada likapeperuka njiani. Tulipofika kwa Makiuti, kule Arorangi, ilikuwa saa nne na robo. Nikajua yamekwisha, mtoto keshaitwa Makiuti.

Makiuti alikuwa mbele ya simu, midomo kaibana. Moeroa akacheka kwenye kioo. "Papa, amekataa kusema neno mpaka ufike. Robo saa nzima!" Makiuti kimya robo saa! Akanipisha kiti. Nikamwona mjukuu wangu, amelala, ngumi chini ya kidevu. Kope zinahesabika kweli. Ile kelele ya shambani nikaisahau.

Makiuti akasema, "Bila huyu ningemwona mtoto kama ukungu. Aitwe Ngatokorua."

Nililia. Tepaeru alilia. Makiuti alilia kwa sauti kuliko wote, kama kawaida yake.

Jumapili, 21 Septemba
Nimelitafakari kanisani, mahubiri yote. Ningenyamaza Jumatano, leo mtoto angeitwa Makiuti. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mzuri tangu mwanzo!

Sasa, Krismasi Moeroa na mtoto wanakuja, na Makiuti anataka walale kwake. Baada ya ibada nimemshauri apake rangi chumba cha wageni, wiki ile ile ya Krismasi. Harufu itawafukuza waje kwangu. Nimeisifu rangi mpya mpaka koo likauma. Tepaeru alisikiliza neno kwa neno, kisha akaniuliza duka la rangi linafunguliwa saa ngapi. Mwanamke mdadisi huyu.