Kura Yangu ya Siri Imesomwa Kanisani

Leo nimeumbuka kanisani, jamani, na wala sikusinzia wala simu yangu haikulia.

Mnajua nimepata uraia mwaka jana, na huu ndio uchaguzi wangu wa kwanza hapa Kanada. Siku yenyewe niko zamu kutwa nzima, nikaomba kupiga kura kwa posta. Wakaniletea karatasi tupu ya kuandika jina la mgombea kwa mkono wako, bahasha nyeupe ya kuificha, isiyo na maandishi, na bahasha kubwa ya kutia sahihi na kutuma. Nikaandika jina la mgombea wa jimbo letu: Gordon Plimsey.

Hapo ndipo pana shida. Mama Joyce, jirani yangu hapa Malvern, ndiye anayenipa lifti ya kanisani kila Jumapili. Na huyo anampigia debe mpinzani wa Plimsey! Amegonga milango ya watu kwenye baridi mpaka pua imebabuka. Kila akiniuliza, namwambia, "Kura yangu unayo, hesabu!" (Ningesemaje? Mtu amekuwashia hita ya kiti garini.)

Asubuhi nikaandaa na bahasha ya shukrani. Kanisani kwetu ukiwa na jambo la kumshukuru Mungu au la kuombewa unaliandika, unalitia kwenye bahasha, na mzee wa kanisa analisoma mbele ya wote. Nayo nyeupe vilevile. Mama Joyce akapiga honi. Nikadaka bahasha moja nikaitumbukiza kwenye ile kubwa, nyingine nikaishika mkononi. Sikubandika chochote, maana nilitaka kusoma tena maelekezo (naogopa serikali), halafu nitume nikitoka ibadani.

Wakati wa sadaka nikaipeleka bahasha yangu mbele kwa madaha.

Mzee Lyimo akaanza kusoma. Hawa wanashukuru kwa mtoto, yule kwa kibali cha kazi. Akafika kwenye moja, akaikunjua, akaigeuza nyuma, akavua miwani, akavaa tena.

"Hii ina jina tu. Godoni Plimsi."

Kura yangu!

"Hajaandika anaumwa nini," akasema kwa huruma. "Lakini Bwana anajua. Tusimame tumwombee ndugu yetu Godoni."

Mzee Lyimo anaishi Mississauga, jimbo jingine kabisa, atamjulia wapi Plimsey? Kanisa zima likasimama. Wakamwombea nguvu. Wakamwombea ashinde kila vita iliyo mbele yake. Amina! Nikachungulia kwaya, anakoimba jirani yangu. Mama Joyce alikuwa ameshafumbua macho, anawakagua watu mmoja mmoja. Na waliotoka Malvern, anakogombea Plimsey, pale ni mimi na yeye tu.

Ningeweza kunyamaza. Lakini kura yangu ya kwanza, jamani! Ikatupwe na bahasha za sadaka? Mzee alikuwa tayari anaikunja. Miguu ikaninyanyua yenyewe.

"Mzee, samahani. Hiyo ni... ni kura yangu."

Mtu wa nyuma akacheka puani.

"Kura?" Mzee Lyimo akaiachia mezani haraka. "Mama Upendo! Sasa shukrani yako iko wapi?"

Nikatoa bahasha ya serikali mkobani, nikaifungua mbele ya madhabahu, nikampa shukrani yangu. Naye bila huruma akasoma kwenye kipaza sauti: "Namshukuru Mungu kwa rafiki yangu Mama Joyce, anayenichukua kila Jumapili na hajawahi kunichoka."

Wee! Kanisa likaangua kicheko. Mchungaji alijificha nyuma ya Biblia. Nikaokota kura yangu na bahasha yake nikarudi kukaa, uso unawaka.

Kurudi nyumbani, Mama Joyce alikaza macho barabarani. Hita ya kiti hakuwasha. Nikala baridi yangu, nikijua lifti ndiyo imeisha, na rafiki pia. Mara akakata kona, akasimama mbele ya sanduku la posta.

"Bandika bahasha zako, shuka, ukatume."

"Mama Joyce, nisamehe dada yangu."

"Tuma, mwongo mkubwa wewe! Nimemwombea yule mtu ashinde! Mimi! Kwa sauti!" Akajaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka mpaka akaangukia usukani na honi ikalia. Kisha akawasha hita.

Nimetuma. Naomba asinicheke mtu. Kura zenu zitakwenda kimya kimya. Yangu imekwenda na amina ya mpinzani.