Picha Zote Zimezuiwa kwa Mafanikio

(Uwanja wa mpira, Ruangwa, Septemba 2006. Mratibu Mkuu wa MUKIBAPE, yaani Mkakati Unganishi wa Kinga ya Barua Pepe, anapokea kipaza sauti na kukipuliza mara tatu.)

Waheshimiwa wa meza kuu, waheshimiwa mliokosa nafasi meza kuu, mashehe, mapadri, watendaji wa Likunja, Nambilanje na Naipingo, walimu mlioruhusiwa na mliotoroka vipindi, akina mama wa ngoma, na wananchi mliobaki, itifaki imezingatiwa!

Nimeombwa niwe mfupi, kwa hiyo nitagusia mambo kumi na manne tu. Wilaya zetu mbili, Nachingwea na Ruangwa, kwa mtazamo wa kiteknolojia na kiutandawazi, zilikuwa wazi kama zizi lisilo na mlango, ambapo barua taka za watu wa ng'ambo wanaodai umeshinda bahati nasibu usiyoicheza zingeweza kuingia saa yoyote, na ndipo mimi, bila kujali afya yangu, nikahudhuria semina ya wiki sita Dar es Salaam na nyingine Arusha, nikarudi na setingi kamili. (Makofi ya wajumbe waliosafiri naye.)

Setingi ya kwanza inazuia picha. Ya pili inazuia taka. Ya tatu inazuia mtu yeyote asiyejulikana. Matokeo yake, ndugu stekiholda, tangu Januari hadi leo hakuna picha hata moja iliyofunguka wala barua taka iliyopenya, sawa na asilimia mia moja, na kwa baadhi ya kata asilimia mia moja na nne! (Vigelegele. Mwalimu wa hesabu anakohoa.)

Naona mama kanyoosha mkono. Mpeni kipaza sauti, sisi ni watu wa uwazi.

(Bi Mwamini, mkulima wa korosho wa Nambilanje, anasimama: "Mheshimiwa, mie sikusoma. Mikorosho yangu imeota unga mweupe. Bwana shamba Dastani kayapiga picha majani, kaenda na baiskeli mpaka Nachingwea mjini mara tatu kuwatumieni, kwa anwani ya kwenye kibao chenu, tuambiwe dawa gani. Tumengoja tangu mwezi wa sita. Maua yamekauka yote. Mwaka huu sivuni kitu, na nina wajukuu wanne. Jibu liko wapi?")

Swali zuri sana, mama yangu, na ninakupongeza, maana wewe ndiye ushahidi hai kwamba mfumo unafanya kazi! Picha zako zilizuiwa. Kwanza, wewe hujulikani. Pili, hebu fikirieni, wananchi: jani lenye ugonjwa lingefunguliwa ndani ya kompyuta ya umma, kompyuta ikaambukizwa, ikaambukiza na faili za watumishi, nani angejibu? (Dereva wake anapiga makofi peke yake.) Korosho ni za mwaka mmoja, mama. Usalama ni wa kudumu.

("Basi hata mngenijibu hapana!" Bi Mwamini analia. Wanawake wanamketisha.)

Tunyamaze kidogo, kuna shukrani. Namshukuru katibu muhtasi wangu, Bi Scholastika, aliyefuma kitambaa kizuri kinachofunika kompyuta hii mnayoiona mezani, na naomba watoto wasikifunue, kwa sababu kwa sasa ni televisheni mbovu tuliyoazimwa na jirani, nayo inarudi kwake jioni. Kompyuta yenyewe iko kwenye mchakato. Namshukuru kijana wetu Brighton, fundi wa kuandika vibao, ambaye baada ya kuambiwa kwamba anwani ya barua pepe bado haijafunguliwa, hakukata tamaa, akatunga moja iliyotosha ubao. (Bwana shamba Dastani anavua kofia, anakaa chini kwenye majani.)

Nikisema "Picha!", mseme "Zizuiwe!" Picha! (Sauti tatu.) Taka! (Sauti moja.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe, mama wa mikorosho, usiondoke na kinyongo. Malalamiko yako yaandike vizuri, ututumie kwa anwani ileile.