Kompyuta ya Mitihani Yenye Usukani

Jumanne, 9 Machi 1999

Nimejitia kitanzini mwenyewe!

Kamati ya shule ilikaa leo. Taipureta ya ofisi imekufa kabisa na mitihani ya mwisho wa muhula inakaribia. Mwalimu Bathsheba, mkuu wetu, akasema kompyuta mpya kutoka Nairobi hatuiwezi. Kisha nikasikia mtu anasema kompyuta inaweza kununuliwa vipande vipande Kisii mjini na kuungwa hapa hapa Kebirigo, kwa nusu ya gharama. Mtu huyo alikuwa mimi.

Maishani mwangu nimewahi kufungua redio moja. Haikuongea tena.

Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Machogu. Ndiye pia baba yangu mzazi. Akasema mbele ya wote kwamba mitihani isipotoka kwenye mashine hiyo kufikia Ijumaa ya tarehe 26, kiti changu cha ukarani atakikalia Fred Oketch wa maabara. Baba hakutabasamu. Oketch ndiye aliyetabasamu. Tabasamu lile limenifuata mpaka nyumbani.

Sababu yenyewe naiandika hapa tu. Mwezi jana niliona mchezo wa mashindano ya magari kwenye kompyuta ya Pratik, kijana wa Praful mwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Magari yanaruka daraja! Tangu siku hiyo sina raha.

Jumatano, 10 Machi

Kisii, dukani kwa Praful. Mzee wa watu alinishauri vizuri. Kwa kuandika mitihani, alisema, chukua prosesa ndogo, kumbukumbu kidogo, printa, basi. Alirudia mara mbili. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia.

Mkewe Padma akamwita kaunta. Pratik akasogea. Akaninong'oneza kwamba kwa vitu vya baba yake, gari halitamaliza hata kona ya kwanza.

Nikachagua upya. Prosesa kubwa. Kadi ya picha, kubwa kuliko zote dukani. Kadi ya sauti. Kisoma sidii, na sidii ya magari aliyoniazima Pratik. Ubao mkuu, ule ambao kila kitu huchomekwa juu yake, nikachukua wa bei rahisi. Nani atauona? Printa ndogo. Na usukani! Mweusi, unafungwa mezani kwa skrubu mbili. Ulikuwa umekaa rafuni na vumbi lake, unanitazama. Nisingeweza kuuacha.

Kamati inataka sababu ya kila kipande. Kadi ya picha: ramani za Jiografia. Kadi ya sauti: imla. Kwenye usukani kalamu ilikwama. Mwishowe nikaandika: kifaa cha kugeuzia kurasa. Jasho lililowesha karatasi.

Alhamisi, 11 Machi

Oketch amejitolea kunisaidia. Alisomea mambo ya umeme huko Kisumu. Aliniuliza kadi yangu ya picha inatumia mfereji gani, yaani tundu la kuchomekea kwenye ubao. Nikajibu, ule wa kawaida. Akacheka kwa pua.

Nikiiunga mashine ofisini nitakuwa nimeisha. Nilikaa chooni saa nzima nikiwaza.

Nimepata! Nitaiunga nyumbani kwangu. Nimeieleza kamati kwamba stima ya shule hukatika ovyo na kwangu nguzo iko mlangoni. Lakini siri ni hii: kwetu baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakanyagi, hata nyumba ikiwaka moto! Mwenyekiti wa kamati amefungiwa nje na desturi ya mababu. Leo nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumamosi, 13 Machi

Sabato. Mhubiri alisema juu ya vitu vilivyofichwa nyumbani. Kwa nini leo? Nani amemwambia? Baba, mzee wa kanisa, aligeuka kwenye benchi la mbele akanitazama kwa muda mrefu. Bonareri, mke wangu, anasema alikuwa anatazama saa ya ukutani. Ni kweli iko nyuma yangu.

Jumapili, 14 Machi

Kadi ya picha haiingii. Ubao hauna mfereji wake!

Nilisukuma kwa kiganja. Kisha kwa goti. Kitu kikasema kra! Bonareri akauliza kama hiyo ndiyo sauti yake. Nikasema ndiyo. Akauliza pia kwa nini mashine ya mitihani ina usukani. Nikamwambia habari za kurasa. Alinitazama mpaka nikatoka nje kutafuta bisibisi niliyokuwa nimeishika mkononi.

Jumatatu, 15 Machi

Nilimdanganya Mwalimu Bathsheba kwamba jino linauma. Nikaenda Kisii nimeshika shavu, nisije nikaonwa.

Praful alipima, akapuliza vumbi. Kadi haikupasuka, ni mfuniko tu. Akasema nina njia mbili: nichukue kadi ndogo na chenji juu, au nichukue ubao mkubwa niongeze pesa. Pesa sina. Mtu yeyote mwenye akili angechukua kadi ndogo.

Nikarudisha printa.

Praful aliuliza polepole mitihani itatokaje. Nikamwambia tutaona. Mikono ilishapokea ubao.

Jumanne, 16 Machi

Nimeiwasha! Nilivaa gambuti kwa sababu ya stima, nikasimama juu ya godoro, nikabonyeza kitufe kwa mwiko wa ugali. Bonareri na mtoto niliwatuma kwa jirani, angalau mtoto abaki na wa kumlea.

Ikaguna. Ikawaka. Machozi yalinitoka.

Mitihani: nimeandika jina la shule. Magari: nimegonga ukuta mara arobaini.

Jumatano, 17 Machi

Baba alikuja akasimama uani, fimbo mkononi. Akauliza kazi imefika wapi. Nilijibu kupitia dirisha, "Inaendelea, tata," ndivyo tunavyomwita baba kwetu. Moyoni nilikuwa namshukuru babu aliyetunga ile desturi.

Baba akasema ni kweli yeye hawezi kuingia. Kwa hiyo ameleta macho yake. Kisha nyuma ya migomba akatokea Oketch!

Oketch ni mtu wa ziwani. Hafungwi na desturi zetu hata moja. Aliingia bila hata kupunguza mwendo. Akaona skrini. Akaona usukani.

Akafunga mlango taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bwana Onchiri, hii kitu inaenda?"

Nilimwekea sidii ya magari. Alikaa. Baba alipoita kutoka nje kuuliza anaona nini, Oketch alikuwa anakata kona. Akajibu kwamba kazi ni safi kabisa, ila atalazimika kuja kukagua kila siku.

Jumatatu, 22 Machi

Nimeokoka au nimetekwa? Oketch yuko hapa kila jioni. Sijapata zamu yangu tangu Alhamisi. Mimi nakaa kwenye kigoda nimemshikia chai. Nikiomba kujaribu raundi moja ananiuliza Mzee Machogu anaendeleaje na afya. Zamani nilimwogopa mtu mmoja, sasa ni wawili.

Mitihani yote nimeiandika, wakati wa chakula cha mchana, Oketch akiwa maabara. Imo ndani ya mashine. Kutoka haiwezi. Nimeizunguka mashine pande zote, hakuna pa kutokea karatasi. Siku nne zimebaki!

Mpango: Nyamira, mkabala na ofisi za serikali, kuna dada anaitwa Valarie mwenye taipureta. Nitanakili kutoka kwenye skrini kwa kalamu, yeye apige. Nani atajua?

Ijumaa, 26 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Niandike haraka kabla sijapoteza ujasiri.

Karatasi za Valarie zilikuwa chini ya godoro tangu jana. Lakini nilitaka baba aamini mashine imefanya kazi. Alipofika uani saa tisa nilimwambia asubiri, inapasha moto. Nikaongeza sauti mpaka mwisho ili injini za magari zisikike kama mtambo unaochapa. Zilinguruma vizuri sana.

Mvua ikaja, ile ya alasiri, yenye mawe. Baba alisogea chini ya upenu. Upenu wetu ni mfupi. Mlango ulikuwa wazi, hatua moja tu, na hakuivuka. Bonareri akampelekea mwavuli. Akaukataa, akasema anataka mikono yote miwili ya kupokelea karatasi. Ningeweza kutoa karatasi dakika ile. Niliogopa ingeonekana mapema mno. Nikamwacha nusu saa. Hata Oketch, aliyekuwa ndani akicheza, alishuka kwenye usukani.

Mwishowe nikanyoosha mkono mlangoni. Baba alipokea karatasi, akaisogeza machoni, akasugua mstari mmoja kwa kidole gumba. Unga mweupe ukadondoka. Akauliza kama kompyuta nayo hukosea ikajipaka dawa nyeupe ya kufutia makosa.

Nikasema za kisasa hufanya hivyo.

Nilimtazama Oketch aniokoe. Alikuwa anatazama maji yanayochuruzika kwenye koti la baba. Akasema yote. Printa hakuna, usukani ni wa nini, yeye mwenyewe amecheza siku ngapi. Hakujificha hata yeye.

Baba akasema, "Omwana one, mwanangu, mvua yote hii nilikuwa nangoja nini?"

Akaondoka. Nimeona aibu ambayo sikujua ipo.

Jumapili, 28 Machi

Oketch ndiye karani. Kamati ilisema angalau alisema ukweli. Mimi nimepelekwa stoo, nalinda majembe na madawati yaliyovunjika.

Baba anakohoa. Nasikia kutoka hapa, kikohozi kizito cha kifua. Kila kikohozi nashtuka. Akifa nitawaambia nini watu?

Leo alimtuma mama aniite. Ameuza mtamba wake, yule mwekundu aliyemlea kwa mkono. Pesa ni za printa, isisemekane kijana wa mwenyekiti amekula mali ya shule. Akasema niende nikainunue mimi, si Oketch, ili nimalize kwa mikono yangu nilichoharibu kwa mikono yangu. Nililia mbele yake kama mtoto. Nimeapa. Nimeapa mara mbili!

Jumanne, 30 Machi

Kisii. Pesa nilizifunga ndani ya soksi. Niliingia dukani bila kutazama kushoto wala kulia. Printa, nikasema. Praful akafurahi, akaenda nyuma kuileta ile ile niliyorudisha.

Pratik akaniambia pedali zimefika.

Pedali! Moja ya mafuta, moja ya breki. Kumbe muda wote tulikuwa tunafunga breki kwa kidole, ndiyo maana tunagonga kuta! Zilikuwa seti moja tu, na mtu wa Keroka ameziulizia. Niliogopa sana zisichukuliwe.

Kuna printa nyingine, iliyotumika, na bei yake ikabakiza pesa za pedali. Praful alinisihi nisiichukue. Inachapa nusu ya juu ya ukurasa bila kasoro yoyote. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Walimu huuliza maswali mengi mno, nusu ukurasa unatosha mtihani wowote.

Kompyuta inahamia ofisini kesho asubuhi, kwa hiyo nina jioni hii tu. Baba amefika uani. Anakohoa, anauliza kama nimeileta. Nimejibu, "Ninayo, tata, naja." Nikaze kwanza hizi skrubu mbili za pedali.