Dawa Tamu na Madume ya Birika

Mtu akikuita "mzee wangu" mara tatu hata hujamjibu, shika mfuko wako. Kotijeupe alikuwa wa namna hiyo. Koti lenyewe lilikuwa la kinyozi, lakini alilivaa kama daktari wa upasuaji, na kalamu mbili kifuani, zote hazina wino.

Asubuhi moja, akiwa juu ya pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo ya halali, alichungulia ua wa mwenye nyumba mmoja pembeni mwa mji. Akaona madume saba wachanga wakinenepeshwa. Mwenye nyumba huyo wapangaji walimwita Birika, kwa ule mkono wake usionyooka. Alikuwa anawafokea vibarua waliokatakata majani ya tembo na kuyashindilia shimoni yavundike, ng'ombe wapate chakula kiangazi.

Kotijeupe akameza mate. Majani hakuyatamani. Aliwatamani madume.

"Shikamoo, mzee wangu. Unavundika hivihivi, bila dawa?"

"Marahaba. Dawa ya nini? Majani yana homa?"

"Majani ya kwenye joto hili yana sukari kidogo, mzee wangu. Hayachachuki vizuri, yatakuozea. Wafugaji wakubwa wote wanatia kiungio."

"Mbona sijasikia?"

"Utasikiaje? Wanafichana."

Basi. Mlafi mwambie kuna siri ya wachache, atalala mlangoni mwako.

Maneno hayo Kotijeupe aliyadokoa dirishani kwa muuza dawa za mifugo, na kwa kuwa yalitoka mdomoni mwake aliamini ni uongo. Mpango wake ulikuwa huu: amuuzie Birika molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishapikwa, kwa bei ya kutupa. Kitu kitamu huoza upesi, nani asiyejua? Shimo litaoza, kiangazi madume watabaki mbavu tupu, na Birika atawauza kwa bei ya ngozi kwa mtu wa kwanza kubisha hodi. Mbisha hodi ni nani? Tegueni wenyewe.

Madumu yakaletwa. Birika akachovya kidole katika kila moja, akalamba.

"Hili umetia maji. Rudisha."

"Mzee wangu, dawa hailambwi!"

"Yangu inalambwa. Lete nzito."

Kotijeupe akaleta nzito, akicheka moyoni: utamu ukizidi, uozo utazidi. Wakanyunyizia majani tabaka kwa tabaka. Halafu, ili asigundulike mapema, akatoa amri za kitaalamu. "Shindilia mpaka hewa yote itoke. Funika kwa nailoni. Mtu asifungue mpaka kiangazi!"

Nyumba yangu haina mlango wala dirisha, na upepo ukiingia chakula chote kimeharibika. Ni shimo hilo. Hakuna mtaalamu ambaye angeagiza vizuri zaidi ya mwizi huyu.

Kiangazi kilipokauka kweli, Kotijeupe alikwenda kwa mwenye lori. "Niazime lori la kubebea ng'ombe. Nitakulipa dume mmoja."

"Ukirudi mtupu?"

"Chukua pikipiki."

Mke wa Birika ndiye aliyemfungulia. "Shemeji daktari! Tumekutafuta mji mzima!"

Kwa tapeli, hiyo si salamu. Akaingia kwa shingo fupi. Shimo lilikuwa wazi, linanukia kama matunda yaliyochachuka. Utamu ndio ulioyachachusha majani haraka, na uchachu ukayazuia yasioze. Wale saba walikuwa wanatafuna, migongo inang'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Unawauza, mzee wangu?" akauliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Niwauze nina wazimu? Bado wanakua!" Birika akageukia ukutani, akapaza sauti. "Majirani, amekuja!"

Wakamiminika, mkono mmoja fimbo ya kuchungia, mwingine dumu tupu. Kotijeupe aliziona fimbo tu. Akaruka ukuta.

"Daktari, tuuzie na sisi! Njoo, tunakulipa!"

Ndipo akaongeza mbio. Njoo, tunakulipa: yeye mwenyewe amewanasa wangapi kwa maneno hayohayo? Mtu aliyesema kweli kwa bahati mbaya hawezi kuijua hata ikimfukuza barabarani.

Mwenye lori akachukua pikipiki. Birika, ambaye ulimi wake ulishaijua molasi, akaenda kuinunua mwenyewe, akawauzia majirani kwa bei ya kuumiza, na maji akatia.

Kotijeupe yuko mji mwingine, anatembea kwa miguu, anauza dawa ya mba. Ni maji ya bomba na rangi kidogo. Kitu kinachofanya kazi ameapa hatauza tena.