Mkono Mmoja Nje ya Leso

Jumatatu, 4 Agosti
Siku tano kabla ya ntheo, sherehe ya mbuzi wa uchumba, ya binti yangu Kavutha. Mbuzi wa Mutinda, mchumba wake, wanafika hapa Kithimani Jumamosi, hiyo ni sawa. Shida ni ule mchezo wa leso. Wasichana sita wanafunikwa kichwa mpaka miguu, kila mmoja anatoa mkono mmoja tu, na kijana achague wake. Mwaka jana mkwe wa Ndila, wifi yangu, alichagua msichana wa jirani. Nilicheka mpaka nikashikilia nguzo ya hema. Ndila aliniona. Hajasahau. Mutinda akikosea, msichana wangu ataaibika mbele ya koo mbili, na Ndila atacheka mpaka Krismasi.

Kavutha anasomea kazi ya maabara. Leo nimemkuta anasoma kwa sauti, nikamwambia anisomee na mimi nikichagua ndengu. Ati mwilini kuna askari wanaitwa seli T. Askari huyo haoni mdudu mzima. Seli nyingine inammeza mdudu, inamkatakata, halafu inatoa kipande kidogo nje imwonyeshe askari. Seli T iko na vipokezi mwilini pote, vyote sura moja, vya kushika kipande cha aina moja. Kisiposhikana, anaenda zake. Hata kikishikana, bado anangoja ishara ya pili ya kumhakikishia, ndiyo aanze kazi.

Nikaacha ndengu. Kipande nje! Ishara ya pili! Kavutha akauliza natabasamu nini. Nikasema ni sayansi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekutana na Mutinda kisiri. Kwetu mama mkwe na mkwe hawasimami kupiga gumzo, ni aibu. Kwa hivyo tumesimama tukipeana migongo ndani ya duka la vitambaa la Haweya, mimi nikitazama mapazia, yeye akitazama mashuka. Nimemfundisha kipande: kovu la Kavutha kwa kidole gumba cha kushoto, kisu cha viazi, darasa la tatu. Ishara ya pili: akiushika mkono wenyewe, nitakohoa mara moja. Nikamuuliza ameelewa? Akaliambia shuka, ndiyo mama.

Haweya akasema miaka yote ya duka hajaona wateja wa kuongea na bidhaa. Nikanunua pazia ili anyamaze.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa. Nimeshikwa na homa. Kikohozi cha kweli! Kavutha anasema askari wanaomjua mdudu wangu walikuwa wachache sana, sasa wamempata na wanazaana wawe jeshi. Hiyo huchukua siku kadhaa. Nikauliza kama wanaweza kumaliza kesho kabla ya saa nne. Hawawezi. Nimekunywa tangawizi, ndimu, asali, maji ya mwarobaini. Nakohoa tu, sasa na uchungu mdomoni.

Tena jioni Ndila ameleta mchoraji wa hina. Zawadi ya shangazi, ati. Wasichana wote wamechorwa maua mpaka kwenye vidole gumba. Kovu halionekani! Kumbe Haweya alimsimulia Ndila kila kitu, pazia langu la bure. Kavutha anasema hata virusi vingine vinajua kuficha kipande chao. Nikamwambia kimoja ni wifi yangu.

Jumamosi, 9 Agosti


Mutinda alianza leso ya kwanza. Nikakohoa. Akaushika mkono, akanitazama, nikatikisa kichwa hapana, nikakohoa tena. Ya pili, nikakohoa. Ya tatu, vivyo hivyo. Leso sita, vikohozi kama thelathini. Jasho likamtoka. Akachagua ya nne kwa woga.

Akatoka Ndila. Alikuwa amechukua nafasi ya msichana mmoja, mwanamke wa miaka hamsini na nane! Akamwambia, "Karibu nyumbani, baba." Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi nikatamani ardhi inimeze. Wazee wakampiga Mutinda faini ya kreti mbili za soda, wasichana, sasa wote sita, wakabadilishwa nafasi, akaambiwa arudie mara moja tu. Akikosea tena, warudi na mbuzi wao siku nyingine.

Nikajiziba mdomo na kanga. Kikohozi kikapita puani.

Mutinda hakushika mkono wowote. Alisimama mbali, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Mama akikohoa hivyo tena, nitawaoa wote sita."

Leso zikatulia. Ya mwisho tu, bega moja likaanza kutetemeka. Akaenda moja kwa moja, akafunua. Kavutha, machozi ya kicheko.

"Akizuia kicheko, ni bega la kulia," akawaambia wazee.

Mimi ndiye nilimzaa. Miaka ishirini na nne, na hilo bega sijawahi kuliona. Nililia mpaka Ndila mwenyewe akanipa kitambaa.

Jumapili, 10 Agosti
Kavutha ameniketisha chini. Amesema kwa upole, "Mwaitu, mama yangu, alinijua mwenyewe. Usinisaidie tena." Nimekubali. Nimemkumbatia.

Halafu nimefikiri vizuri nikiosha sufuria. Bila kikohozi, hakuna mzaha. Bila mzaha, hakuna bega. Kwa hivyo ishara ya pili ilifanya kazi!

Mdogo wake, Wavinya, anachumbiwa na Festus wa Konza. Nimemtumia Festus ujumbe: Jumatano saa nne, duka la Haweya, asimame akitazama mashuka.

Safari hii nitapiga chafya.