Ripoti Yako Imelivunjia Heshima Gari

Kwa Fundi wa Gereji, ambaye pia ni mpwa wangu,

Salamu zitangulie. Nimepokea ripoti yako kuhusu lile gari kubwa la kifahari, lililotumiwa kidogo tu, na watu watatu. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi. Muuzaji ameniachia gari hadi Jumatatu ili tuzoeane, na mke wangu ameapa kwamba hatulinunui bila karatasi yako kusema ni zima. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Umeandika kwamba ulipofika injini ilikuwa ya moto, na kwamba muuzaji aliiwasha mapema ili kuficha mlio wake wa asubuhi. Mpwa wangu, mgeni akitarajiwa si tunachemsha chai kabla hajabisha hodi? Mtu amekuandalia injini, wewe unamshuku.

2. Umesema gari huamka limelala upande kwa sababu mifuko ya hewa inayolibeba inavuja. Acha nieleze, ingawa unajua: gari la kawaida hubebwa na springi, la kifahari hubebwa na hewa, na hewa ina tabia ya kutoka. Hata mimi huamka nimeinamia upande mmoja, na hakuna aliyetaka nibadilishwe.

3. Kitabu cha sevisi. Ndiyo, miaka tisa imeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Namjua mwanafunzi aliyefanya kazi za muhula mzima jioni moja. Wa namna hiyo nilikuwa nawapa sifuri. Huyu muuzaji nimempa mia, kwa sababu viti vyake ni vya ngozi.

4. Hili ndilo limeniuma. Umeingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya watengenezaji, ukagundua kwamba magari ya aina hii yaliitwa yarudi kurekebishwa, kwani mfuko wa usalama wa abiria wa mbele, ule unaofura wakati wa ajali, unaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, na kwamba hili halikupelekwa kamwe. Nilikuomba ulikague gari, sikukuomba uwaulize wazazi wake. Isitoshe, mimi ni dereva. Kiti hicho si changu.

5. Nimekwisha kubomoa nguzo ya geti ili liingie. Ripoti yako haikuligusa jambo hili kabisa.

Naomba basi ripoti nyingine, fupi, yenye neno "zima" na mhuri wa gereji. Ukiona vigumu, zungumzia rangi. Ni nyeusi na inang'aa mno.

Msalimie dada yangu, watoto, na mafundi wenzako wote, pamoja na yule aliyekuwa akicheka chini ya gari akidhani simsikii.

Ni mimi mjomba wako,
Mwalimu Mkuu Mstaafu

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, mke wangu ametoka amevaa viatu vipya, anataka nimzungushe kidogo. Alipogusa mlango wa mbele nikajikuta napiga kelele, "Kaa nyuma!" Akanitazama. "Miaka arobaini nakaa mbele, leo huko mbele kuna nini?" Nikampigia muuzaji simu. Muuzaji ameshachukua gari lake. Ripoti usiibadilishe hata nukta, ila nitumie nakala nyingine. Ile ya kwanza niliichana ili mke wangu asiisome.